Jarida lililojenga nyumba

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuyafunua majarida ya nyumba. Aghalabu hukaa mezani kwa fundi cherehani au kwa msusi, pembe zake zimekwisha kuliwa na vidole, na kila anayengoja zamu yake huyapitia. Humo mna sebule ambamo halijapata kumwagika hata tone la uji, majiko yasiyo na harufu ya kitunguu, na vitanda vilivyotandikwa kana kwamba hakuna mtu aliyepata kuugua wala kujifungua juu yake. Tunavitazama, tunashusha pumzi, tunalifunga jarida. Kisha tunarudi katika vyumba vyetu viwili vya kupanga, ambamo kabati la vyombo ndilo ukuta unaotenga wanapolala wazazi na wanapolala watoto.

Riziki yangu naipata kwa uandishi wa gazeti, na swali moja juu ya majarida hayo limenikaa moyoni kwa miaka: yanaandikwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya mwenye nyumba iliyopigwa picha, maana yeye anayo tayari. Wala si kwa ajili yako na yangu, maana hata tukidunduliza mpaka uzeeni, yale mapazia peke yake yatatushinda. Katika kulitafuta jibu nilikutana na habari za jarida moja la Marekani ambalo halikutosheka na kupiga picha nyumba za watu. Liliagiza nyumba zake lenyewe, likawatafuta wasanifu majengo, likafuatilia ujenzi, likafungua milango ili watu waingie kutazama. Na ahadi yake ilikuwa kwamba nyumba hizo zingekuwa mfano wa nyumba za watu wa kawaida. Jina lake Arts & Architecture, na makao yake yalikuwa Los Angeles, katika jimbo la California. Kurasa zake za miaka ile zimekwisha kuchapishwa upya, nami nimezisoma kwa jicho la mtu anayelipa kodi ya pango kila mwezi. Naomba nawe tuzitazame kwa jicho hilohilo.

Mwanzo wake haukuwa wa ajabu. Lilitoka mwaka 1929 likiitwa California Arts & Architecture, nalo lilikuwa jarida la starehe kama mengine: majumba ya vigae vyekundu yaliyojengwa kwa mtindo wa Kihispania, bustani, chemchemi, na habari za wenye nafasi. Mambo yaligeuka mwaka 1938 alipolishika bwana mmoja aitwaye John Entenza. Huyu hakuwa msanifu majengo. Alikuwa mtu wa kupenda fikra mpya, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amejengewa nyumba yake ya kisasa na msanifu Harwell Hamilton Harris. Alipokalia kiti cha mhariri alianza kuyatoa majumba ya vigae vyekundu, akayatia mahali pake majengo ya mistari iliyonyooka, yasiyo na mapambo ya bure. Katikati ya vita aliliondoa hata neno California katika jina la jarida, kwa kuwa aliona mambo anayoyaandika hayana mpaka wa jimbo. Kati ya mwaka 1942 na 1947 majalada mengi yalichorwa na mama mmoja msanii, Ray Eames, ambaye pamoja na mumewe Charles tutakutana naye tena.

Ili uelewe kwa nini jarida liliingia katika ujenzi, sharti ukumbuke hali ya Los Angeles wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mji ule ulikuwa na viwanda vikubwa vya ndege na vya meli, na watu walimiminika kutoka pande zote za nchi kutafuta kazi. Kazi ilikuwapo, nyumba haikuwapo. Ujenzi wa nyumba za raia ulikuwa umebanwa kwa sababu chuma na mabomba vilitakiwa vitani. Vita vilipokwisha askari wakarudi, wakaoa, wakapata watoto, na msongamano ukazidi. Mwaka 1946 mji ulilazimika kusimamisha mabanda 750 ya kijeshi, yale ya mabati yenye mgongo wa mviringo, katika bustani ya Griffith Park. Kila banda liligawanywa mara mbili ili familia 1,500 zipate pa kulala. Kambi hiyo iliitwa Rodger Young Village, kwa jina la askari aliyefia vitani. Wewe uliyezoea kumsikia jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta, huhitaji kuelezwa zaidi maisha ya banda la bati lililokatwa katikati.

Hoja ya Entenza haikuwa ngumu kufahamika. Kama viwanda vimeweza kutengeneza maelfu ya ndege kwa muda mfupi, kwa nini nyumba iendelee kujengwa msumari mmoja mmoja kama enzi za babu? Mfano ulikuwa karibu naye. Wale mtu na mkewe, Charles na Ray Eames, walikuwa wamegundua namna ya kuikunja plaiwudi kwa joto na gundi ipate umbo la mguu wa mwanadamu, na Jeshi la Wanamaji la Marekani likawaagizia mabanzi ya kufungia miguu ya majeruhi. Hadi vita vinakwisha yalikuwa yametengenezwa mabanzi yapatayo 150,000. Ikiwa mbao iliyokunjwa kiwandani inaweza kuuokoa mguu wa baharia, basi inaweza pia kuwa kiti, na labda hata ukuta. Mwaka 1943 jarida liliandaa shindano la michoro ya nyumba za baada ya vita, na toleo la Julai 1944 likatolewa takriban lote kwa habari za nyumba za kutengenezwa kiwandani.

Kisha, katika toleo la Januari 1945, kabla hata vita havijakwisha, likatangaza mpango wake mkubwa. Ofisi nane za wasanifu zingepewa kazi ya kubuni nyumba nane. Miongoni mwa walioitwa walikuwamo Richard Neutra, Eero Saarinen, J. R. Davidson, Ralph Rapson, na Charles Eames. Nyumba hazikupewa majina ya kifahari bali nambari, na mpango wote uliitwa Case Study Houses, yaani nyumba za kuchunguzia na kujifunzia. Masharti yake nayapenda hata leo. Msanifu alikuwa huru kutumia vifaa vipya na vya zamani, ilimradi viwe vimestahili kutumika kwa ubora wao. Nyumba isiwe onyesho la ufundi wa mtu mmoja, bali iwe kitu kinachoweza kurudiwa na kurudiwa tena. Na kila nyumba ikishakamilika na kutiwa samani, ifunguliwe kwa umma kwa majuma kadhaa, mtu yeyote aingie, aguse kuta, afungue makabati, ajionee.

Hapa sina budi kusema neno juu ya fedha, kwa kuwa mtu wa gazetini anajua tangazo lina nguvu gani. Jarida lile halikuwa tajiri. Lililofanya ni kuwaendea wenye viwanda vya vioo, vya mbao, vya majiko na vya vitasa, likawaomba watoe bidhaa zao kwa bei nafuu au bure, nao wakipewa heshima ya kutajwa kwamba bidhaa yao ndiyo iliyochaguliwa. Ulikuwa ujanja mzuri, na bila ujanja huo huenda lisingesimama hata jengo moja. Lakini kwa maoni yangu ndipo doa la kwanza lilipoingia. Nyumba iliyojengwa kwa vifaa vya punguzo haiwezi kumwambia mtu bei yake ya kweli. Mfanyakazi aliyetoka kuitazama akaenda dukani kuuliza kioo kama kile, hakupewa bei aliyopewa mhariri.

Michoro ya mwanzo ilitolewa huku wateja wenyewe wakiwa wa kubuniwa. Mmojawapo ulikuwa wa familia ya Bwana na Bibi X: mume na mke wote wana kazi zao, binti mmoja yuko shuleni, na mama mkwe huja mara moja moja. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Wasanifu wale waliifikiria familia ambayo mama mkwe hukaa siku chache na kwenda zake! Kwetu sisi nyumba huchorwa kwa watu wanne, ikafika mwisho wa mwaka wakawa tisa, na hakuna atakayethubutu kumwambia shangazi kwamba ramani haikumtaja. Hata hivyo katika michoro ile mlikuwa na jambo jema ambalo majarida mengi ya kifahari hayakulijali: nyumba zilipangwa kwa watu wanaojihudumia wenyewe. Jiko lilitolewa uani likasogezwa karibu na sebule, na anayepika akaweza kuzungumza na walioketi na kuwaona watoto wakicheza nje.

Umma uliitikia kwa wingi. Nyumba sita za mwanzo zilipofunguliwa, zilipitiwa na watu zaidi ya 350,000 kabla ya mwaka 1948 kwisha. Zingatia idadi hiyo, msomaji. Hao hawakuwa matajiri peke yao. Matajiri wa mji mmoja hawafiki idadi hiyo. Walikuwa watu waliochoka kuishi kwa wakwe na katika mabanda, waliotaka kuona kwa macho yao kama kweli inawezekana.

Katika nyumba zote za mpango ule, iliyo karibu zaidi na ndoto ya kiwandani ilikuwa nambari 8, nyumba ya Charles na Ray Eames wenyewe, katika kiwanja cha Pacific Palisades kinachoitazama bahari. Entenza alikuwa amenunua ekari tano mahali hapo na kuwagawia baadhi ya wasanifu wake. Mchoro wa kwanza, uliofanywa na Eames na Saarinen, ulikuwa wa nyumba inayoning'inia kama daraja. Lakini chuma kilichelewa miaka kwa sababu ya uhaba wa baada ya vita, na katika kungoja, mtu na mkewe wakawa wanakwenda kula chakula cha mchana chini ya mikaratusi ya kiwanja hicho. Wakaupenda mbuga ule, wakaona aibu kuukalia kwa jengo. Chuma kilipofika, waliupanga upya mchoro wao ili chuma kilekile kilichokwisha kuletwa kijenge nyumba tofauti, kubwa zaidi, iliyojibanza kando ya kilima na kuuacha mbuga na miti yake. Fremu ilisimamishwa na watu watano kwa saa 16. Walihamia mwezi Desemba 1949, wakaishi humo hadi mwisho wa maisha yao, mume akifariki mwaka 1978 na mke mwaka 1988.

Saa 16! Nakiri kwamba nilipoisoma hesabu hiyo niliinuka nikaenda dirishani. Upande wa pili wa barabara yetu kuna nyumba ambayo mwenyewe ameanza kuijenga mwanangu wa kwanza akiwa hajazaliwa, na sasa mtoto yuko darasa la sita. Kila mwaka huongezeka kozi mbili za matofali, au fremu ya dirisha, au tripu moja ya mchanga ambayo mvua huila nusu. Nondo zimesimama juu ya nguzo zikiota kutu, zikingoja ghorofa ambayo huenda wajukuu wake ndio watakaoiweka. Simcheki jirani yangu. Wengi wetu ndivyo tunavyojenga, na matofali ndiyo benki yetu. Naye angepatana vyema na Richard Neutra, kwani nyumba nambari 20 aliyoibuni msanifu huyo mwaka 1948 kwa ajili ya daktari kijana wa meno ilianza ndogo kwa makusudi, ikipangwa tangu awali jinsi itakavyoongezwa familia itakapokua.

Basi, ikiwa watu watano waliweza kusimamisha fremu kwa saa 16, kwa nini Los Angeles haikujaa nyumba za namna ile? Jibu linauma. Chuma cha kiwandani huwa rahisi kikiagizwa kwa maelfu, na hakuna aliyeagiza kwa maelfu. Wajenzi walikuwa na maseremala waliozoea mbao, wakaona hapana sababu ya kuanza kujifunza upya. Na wenye mikopo waliitazama nyumba ya chuma na vioo, isiyo na paa la mgongo wala ukumbi wa mbele, wakajiuliza: huyu akishindwa kulipa, nani atainunua?

Nyumba za bei nafuu zilijengwa, lakini zilitoka mlango mwingine. Huko karibu na New York, kuanzia mwaka 1947, kampuni ya akina Levitt ilijenga zaidi ya nyumba 17,000 katika mashamba yaliyokuwa ya viazi, mahali palipopewa jina la Levittown. Zilikuwa nyumba ndogo za mbao, za sura ya kikale, zote zikifanana kama mayai. Hakukuwamo na msanifu maarufu wala picha ya kutundikwa ukutani. Akina Levitt walichukua kanuni ya kiwanda na kuigeuza: badala ya nyumba kupita mbele ya mafundi, mafundi ndio waliopita kutoka nyumba hadi nyumba, kila kundi likifanya kazi moja tu, hawa kupaka rangi, wale kuweka sakafu. Askari aliyerudi vitani aliweza kuimudu. Kwa sharti moja, lakini: awe Mzungu. Mikataba ya mwanzo ilikataza waziwazi watu wa rangi nyingine kukaa humo, na idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba iliunga mkono ubaguzi wa namna hiyo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza makubaliano kama hayo, lakini mlango uliofungwa kwa mkono haufunguki kwa karatasi peke yake, na weusi waliendelea kunyimwa nyumba na mikopo kwa miaka mingi baadaye.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu linaingia, kwa njia ambayo sikuitazamia, katika nyumba mashuhuri kuliko zote za jarida letu.

Hiyo ni nambari 22, nayo ni ya familia ya Stahl. Bwana Stahl na mkewe hawakuwa matajiri. Mwaka 1954 walinunua kwa dola 13,500 kipande cha ardhi juu ya vilima vya Hollywood ambacho wengine walikiona hakifai kitu, kwa kuwa kilikuwa ncha ya mwamba na pembeni yake ni bonde. Kwa miaka kadhaa, kila mwisho wa juma, bwana huyo alizunguka mahali palipobomolewa majengo akiokota mabonge ya zege yaliyotupwa, akayapandisha mlimani kwa gari lake, akayapanga moja juu ya jingine kuwa kingo za kuishika ardhi isiporomoke. Wasanifu kadhaa walikikataa kiwanja kile. Alikikubali kijana Pierre Koenig, aliyekuwa na imani kubwa katika chuma, na nyumba yao ikaingizwa katika mpango wa jarida.

Likabaki suala la mkopo. Benki nyingi ziliogopa kuikopesha nyumba ya vioo inayoning'inia ukingoni mwa bonde. Hatimaye waliokubali walikuwa Broadway Federal, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mjini Los Angeles mwaka 1946 na Wamarekani weusi kwa sababu benki za wenzao zilikuwa hazitaki kuwakopesha watu weusi. Hao ndio walioiamini nyumba ya chuma, wakaweka sharti kwamba lijengwe na bwawa la kuogelea ili jengo lipate thamani zaidi. Tafakari, ndugu msomaji: waliofungiwa milango ya mikopo ndio waliomfungulia mlango Mzungu aliyeokota zege kwa mikono yake.

Mwaka 1960, nyumba ikiwa karibu kukamilika na vumbi la plasta bado limo ndani, alikuja mpiga picha Julius Shulman. Samani zililetwa kwa ajili ya picha. Usiku ule alisimamisha kamera nje, akaliacha jicho lake wazi kwa dakika kadhaa ili linywe taa za mji ulioenea chini, kisha akawasha taa za mmweko kuwanasa mabinti wawili waliovaa magauni meupe, wameketi wakiongea ndani ya chumba cha vioo kinachoelea juu ya giza. Inasemekana hakuna picha ya nyumba ya kisasa iliyochapishwa mara nyingi kuliko hiyo, nami sioni sababu ya kubisha. Ukiitazama unasahau mshahara wako.

Mama yangu mzazi, ambaye hakusahau lolote, aliitazama alipokuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Aliinyanyua karibu na macho, akaishusha, akauliza:

"Nguo wanaanika wapi hawa?"

Nikamwambia, mama, hii ni picha ya usiku.

"Hata usiku kamba huonekana. Na hawa mabinti si wenye nyumba. Mwenye nyumba hakai hivi; akikaa, ana kazi mkononi. Hawa ni wageni."

Nilinyamaza, maana alikuwa amepatia. Mabinti wale walikuwa marafiki wa vijana wanafunzi wa usanifu waliokuwapo siku ile. Bwana na Bibi Stahl hawamo katika picha. Zege aliloliokota bwana haliko. Mkopo wa chama cha watu weusi hauko. Hii ilikuwa nyumba ambayo kwa namna fulani ilitimiza ahadi ya Januari 1945 kuliko nyingi, kwa kuwa mtu wa kipato cha kawaida aliipata kwa jasho lake, na watoto wake watatu wakalelewa humo. Lakini picha ilimwondoa mfanyakazi, ikaacha nuru na magauni. Tangu hapo wanaoiona huidhani kuwa nyumba ya watu wa sinema, na kweli sinema na matangazo ya biashara yameitumia mara nyingi. Ndiyo maana nikiletewa picha ya nyumba dawatini siku hizi, huuliza kwanza ni nani aliyesimama nje ya fremu.

Mara moja mpango ule ulikaribia kujenga mtaa mzima. Mwaka 1961 jarida lilichapisha mchoro wa nambari 24, wa wasanifu A. Quincy Jones na Frederick Emmons, nao haukuwa wa nyumba moja bali wa nyumba 260 kaskazini mwa Los Angeles. Kila nyumba ingezamishwa kidogo ardhini ili kupunguza joto, na kila familia ingetoa sehemu ya kiwanja chake iwe bustani ya wote, watoto wacheze bila kuvuka barabara. Mjenzi alikuwapo, tena mwenye uzoefu. Mamlaka ya mji haikuikubali ile ardhi ya pamoja, kwa kuwa kanuni zake zilijua viwanja vya mtu mmoja mmoja tu, na mchoro ukabaki mchoro. Kwangu mimi hilo ndilo pigo kubwa kuliko kufungwa kwa jarida lenyewe.

Kufungwa kwenyewe hakukuchelewa. Entenza alihamia Chicago kuongoza taasisi ya Graham Foundation, na mwaka 1962 akaliuza jarida kwa David Travers. Huyu aliliendesha miaka mitano mingine. Matangazo yalikuwa machache, nalo likasita kutoka mwaka 1967. Lilifufuliwa mwaka 1981 na mwanamama Barbara Goldstein, likazimika tena mwaka 1985. Katika ile michoro 36 hivi iliyopewa nambari, zilikuwa zimesimama nyumba ishirini na kitu.

Zilizobaki leo hutunzwa kama mboni ya jicho. Mwaka 2013 kadhaa kati yake ziliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na wanaoziuza hutaja bei za mamilioni ya dola. Januari 2025 moto mkubwa uliposhuka Pacific Palisades na kuteketeza maelfu ya majengo, ulimwengu mzima wa wasanifu ulishika roho ukiulizia nyumba ya Charles na Ray. Ilinusurika, ikatiwa moshi tu, ikasafishwa, na miezi michache baadaye wageni wakaanza kuipanga foleni tena.

Nyumba ya kwanza kabisa kukamilika katika mpango ule ilikuwa nambari 11, kazi ya J. R. Davidson, mwaka 1946. Ilikuwa ya futi za mraba 1,100, bila bwawa wala ukingo wa bonde; nyumba ambayo karani au fundi mitambo angeweza kuitazama na kuhesabu miaka ya kuilipia. Hiyo ilibomolewa. Ukitaka kuiona leo utaitafuta katika kurasa za jarida.